Miiba ya Mkonge

Jumamosi iliyopita, mbele ya ukumbi uliojaa wafanyakazi wa shamba la mkonge huko Thika, nilipewa panga na jani moja, nikaambiwa nionyeshe kazi niliyodai kuifanya miaka miwili.

Mimi ni karani wa Ruiru. Mkonge nimeuona tu kupitia dirisha la gari la moshi. Hata hivyo nilikuwa nimempelekea mhariri wa gazeti hadithi ya maisha yangu ya ukataji, naye aliahidi kunijibu Jumamosi hiyo, ukumbini, ambako angewasomea wafanyakazi hadithi.

Kwanza alitusomea hadithi ya mwandishi mwingine. Mkataji aliye ndani yake kwanza anaondoa miiba iliyo kwenye ncha za majani, ndipo anayakata. Watu waliguna kwa kuridhika. Nikitaka kumvutia mhariri, nilisimama.

"Mwandishi huyu hajafika shambani," nilisema. "Mimi nimekata mkonge miaka miwili. Nani ana wakati wa kunyoa mwiba wa kila jani?"

Njoroge, mkataji wa miaka mingi, aligeuka, akaitazama tai yangu. "Ai, karani! Wewe ulikata bila kunyoa, na macho yote mawili bado unayo?"

Ukumbi ulicheka. Alinieleza polepole, kama anayefundisha mtoto, kwamba mwiba ukiachwa humchoma mtu jichoni anapoinama. Kisha akatoka nje, akarudi na panga na jani bichi. "Haya, bwana mkubwa, tuonyeshe."

Nililishika kwenye ncha. Likanitoboa kidole.

Mhariri alichomoa karatasi zangu mfukoni mwake. "Na haya uliyoniandikia, uliyafanya shamba gani?"

Nililiweka panga chini, nikatoka nikinyonya kidole; karatasi bado anazo.