Kiki ya Laban Obiero

Ilikuwa mwaka wa tisini na sita. Hapana, nimekosea. Ilikuwa tisini na saba, kabla ya ile mvua kubwa, kwa sababu nakumbuka magugu yalikuwa yamefunga ziwa na wavuvi walikuwa hawaniletei tena karabai za kutengeneza. Kazi yangu ilikuwa hiyo, karabai. Nilitembea ufuo hadi ufuo nikirekebisha taa za watu wa omena, wale wavuvi wa dagaa usiku. Magugu yalipokuja, mashua zililala, na mimi nikabaki na miguu tu na hakuna mahali pa kuipeleka. Ndiyo sababu nilikaa sana kwa Laban Obiero mwaka huo.

Laban alikuwa bwana mifugo wa serikali huko Nyakach. Alipostaafu mwaka wa themanini na nane, ofisi ilikuwa inauza vitu vyake vya zamani, naye akachukua ile pikipiki aliyokuwa akiiendesha kazini miaka yote. Ilikuwa ya kupanda milima, ndefu, matairi ya meno, injini ile ya kuchanganya oili ndani ya petroli. Ukiiwasha inatoa moshi wa buluu na inalia kama nyuki aliyekasirika ndani ya chupa. Mkewe Dorca alikuwa akiisikia ikiwa bado kwenye kona ya Katito, anateleka maji ya ugali. Laban akifika, maji yanachemka. Hawakuwa na saa nyumbani na hawakuitaka.

Hata baada ya kustaafu watu walizidi kumwita. Ng'ombe amevimba tumbo huko Nyabondo, mbuzi ameshindwa kuzaa, Laban anapanda milima na mkoba wake. Hakuwa na mtoto nyumbani, binti yake Benta alikuwa ameolewa Awasi. Dorca alipofariki Januari ya mwaka huo ninaosema, ile pikipiki ndiyo iliyobaki kumtoa kitandani. Aliniambia mwenyewe, "Absalom, hii ikinyamaza, nani atapanda kushuka huku kuniona?"

Sasa shida ilikuwa hii. Injini ya namna hiyo inakula ringi na pistoni yake polepole. Ikiisha, fundi anaifungua, anachonga silinda iwe pana kidogo, anatia pistoni kubwa zaidi. Silinda ya Laban ilikuwa imechongwa mara tatu. Ilibaki mara moja tu, na pistoni ya mwisho ya saizi hiyo alikuwa nayo ndani ya mkebe wa kakao, imefungwa karatasi yenye grisi. Fundi wake, Chege, mtu wa Murang'a aliyekuwa na kibanda Kaloleni, Kisumu, ndiye aliyemtafutia. Akamwonya:

"Mzee, usiharakishe kuitia, maana ni ya mwisho. Lakini usichelewe pia. Ringi ikivunjika ndani itakwaruza silinda, na hiyo pistoni ya mkebe itakuwa ndogo, hautaitumia."

"Sasa nitajuaje siku?"

Chege akamfundisha. Injini ikiwa imezimwa, unapanda juu ya kiki, pedali ya kuwashia, kwa uzito wako wote, unasimama hapo hivi, unahesabu. Kama ndani kumebana, kiki inakubeba, inashuka polepole. Kama kumelegea, inazama nawe. "Ukifika tano, endesha. Ukishuka kwa tatu, niletee mbio."

Kila Jumamosi asubuhi, baada ya chai, Laban alifanya hivyo. Mimi nilikuwa naketi kwenye jiwe la kunolea panga, namtazama. Anashika ukuta kwa kidole kimoja, anapanda, anahesabu kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza. Mwezi wa Februari alifika nne. Alishuka, akaenda kuutazama ule mkebe, akaurudisha juu ya kabati. Aprili, tano. Juni, akafika sita, kiki bado iko juu!

"Omera, ndugu yangu, umeona?" akaniambia. "Inarudisha nguvu kama mzee aliyeongeza bibi."

"Labda ni oili mpya," nikasema.

"Oili gani? Ni heshima. Imejua iko na mtu mmoja sasa."

Tulicheka. Tulikuwa tumekunywa chai ya rangi na kula mahindi ya kuchoma, kama jana na kama juzi, kwa sababu Laban alisema kusonga ugali wa mtu mmoja ni kusumbua sufuria. Na asubuhi hiyohiyo, nitasema kwa sababu niliyaona, aliniomba nipashe msumari kwenye jiko, akatoboa mkanda wake tundu lingine. Lilikuwa la tatu tangu Januari. Niliushika ule mkanda ili usiteleze.

Mwezi wa Agosti tulienda Kisumu, yeye akinibeba, nitafute soksi za karabai, zile tambi za kitambaa, kwa Wahindi ingawa sikuwa na wateja. Tulipopita Kaloleni Chege alitoka kibandani kabla hatujasimama. Alikuwa ameisikia.

"Mzee Laban! Hiyo inalia kama kokoto ndani ya debe."

"Wacha wewe. Jumamosi kiki ilifika saba."

"Saba?" Chege akatazama pikipiki, kisha akamtazama Laban kuanzia viatu mpaka kofia. Akazima injini, akapanda kwenye kiki yeye mwenyewe. Ilizama kabla hajafungua mdomo kusema moja.

"Wewe umekula nyama ya Kaloleni yote," Laban akasema. "Hata tingatinga haiwezi kukubeba."

Watu waliokuwa pale wakacheka. Chege hakucheka. Alimshika Laban mkono, kwa heshima, kama unavyomshika baba mkwe, akampeleka kinu cha posho jirani, akamsimamisha juu ya mizani ya magunia. Akauliza, "Ulipokuwa kazini ulikuwa kilo ngapi?"

"Sabini na nane. Daktari wa ofisi aliandika."

Mizani haikufika hamsini na sita.

Chege akaazima debe la mahindi kwa mwenye kinu, na kidogo juu yake, kufikisha zile sabini na nane, akamrudisha Laban kwenye pikipiki akiwa amelikumbatia. Tukamshika mabega, mimi huku na Chege kule, akapanda. "Moja," akasema, na kiki ikagonga chini.

Mwenye kinu alikuja kuchukua debe lake.

"Haikupona, mzee," Chege akasema polepole. "Ni wewe uliyekuwa unapungua. Tangu lini unapima na mtu mwepesi?"

"Fungua," Laban akasema.

Alifungua mchana huohuo. Ringi ilikuwa imevunjika zamani. Ukutani mwa silinda kulikuwa na mfereji ambao kucha yangu iliingia yote. Laban alikuwa amekuja na ule mkebe wa kakao mkobani, kumbe kila safari alikuwa anaubeba. Chege aliitoa pistoni, akaipima mdomoni mwa silinda, akatikisa kichwa. Hata angechonga mpaka saizi ya mwisho, mfereji ungebaki. Akaifunga tena na karatasi yake, vizuri, akamrudishia kwa mikono miwili.

Pikipiki ilibaki Kaloleni. Oktoba mvua ikaanza, barabara zikakatika, na mimi nilikuwa ng'ambo ya Kendu Bay, sikuweza kurudi. Nilipofika Katito mwaka mpya nyumba ilikuwa imefungwa. Benta alikuwa amemchukua.

Nilimfuata Awasi. Alikuwa ameketi nje, ameelekea barabara ya Kericho, malori yanapita, na mkebe uko chini ya kiti. Alifurahi kuniona, alinishika mkono muda mrefu. Benta alimwekea ugali na samaki, akala vipande vitatu. Nilimuuliza lile nililokuwa nimelibeba tangu Agosti. Akageuza uso akasikiliza lori. Alipofariki mwezi wa Machi nilimuuliza Benta, akaenda kuleta chai. Nilimuuliza Chege, akapangusa mikono yake kwa kitambaa, akaendelea kupangusa hata ilipokuwa safi. Mtu anayetoboa mkanda wake mara tatu, na rafiki yake amemshikia, asubuhi ileile anapanda juu ya kiki na kuhesabu mpaka sita: alikuwa hajui kinachopungua ni nini?