Ng'ombe Akiuzwa

Tulikuwa tunaandaa kijitabu cha afya ya akili kwa watu walioumia uti wa mgongo, na mimi, nesi wao, nilifika kwenye kikao na maswali yangu tayari. Niliyapenda sana. Wanaume wanne waliokuja na viti vyao vya magurudumu walitakiwa wanisaidie kuyaboresha tu. Kila nilipouliza habari ya huzuni, wote walijibu hapana. Je, unakosa usingizi? Hapana. Unajiona huna thamani? Hapana. Nikaanza kukasirika, maana nyuso zao zilikuwa zinasema mengine.

Mzee mmoja wa kijiji cha Genkuru, aliyeanguka kutoka juu ya paa akiezeka nyumba, akaniomba ile karatasi ya maswali. Aliisoma yote taratibu, akanirudishia.

"Sista, huku mwanamume ukimuuliza kama ana huzuni atakataa tu. Uliza hivi: nyumbani kwako ng'ombe akiuzwa, wewe unaambiwa kabla au baada?"

Nilitaka sana kujua wenzake watasema nini, nikawauliza palepale. Wa kwanza aliangalia magurudumu yake, akasema, "Baada." Aliyefuata akasema siku hizi hajui hata wamebaki wangapi. Tuliongea mpaka chai ikapoa.

Swali lile nililiandika la kwanza. Wakati wa kuagana nikamshukuru mzee kwa kukubali kuja. Akatabasamu.

"Mimi hakuna aliyeniuliza, sista. Ulimpigia simu mdogo wangu. Niliambiwa leo asubuhi, gari lilipofika."