Mtamba Aliyewekwa kwa Ajili Yangu

Baba aliniwekea dau kwenye mkutano wa kijiji, mwaka ule tulipohamishiwa karibu na barabara ya Bunda. Nilikuwa darasa la nne. Mwenyekiti alikuwa akieleza kwamba walimu wa kesho watatoka humu humu kijijini, baba akasimama na kutangaza kuwa kabla miaka kumi haijaisha mimi nitakuwa mbele ya ubao. Jirani yetu, mtu wa rika lake, aliyetahiriwa naye siku moja, akacheka.

“Msichana? Huyo atakuwa ameshaolewa. Tuweke mtamba.”

Baba akakubali papo hapo. Katibu, ambaye alikuwa haachi kitu, akaliingiza dau kwenye muhtasari, baada ya mbegu za pamba na kabla ya uchimbaji wa vyoo.

Niliudhika, na hadi leo naudhika. Hakuna aliyeniuliza. Kisimani wenzangu waliniita Mtamba, na jirani kila akikutana nami aliuliza kama bado sijaolewa. Nilisoma kwa hasira tupu, nikachaguliwa kwenda sekondari Musoma.

Nikiwa kidato cha pili, ndigana, ule ugonjwa wa kupe, ilipita zizini kwetu ikatuachia ng'ombe watatu. Likizo ile nikakuta wageni uani, wamekuja kunichumbia kwa ng'ombe ishirini. Kutoka jikoni nilimsikia baba akipiga hesabu: akimpa jirani mtamba wake, atabaki na kumi na tisa. Siku ya dau hakuna aliyewaza kwamba kushindwa kungekuwa na faida zaidi kuliko kushinda. Mama aliendelea kusonga ugali bila kunitazama. Niliogopa.

Baba akamwita jirani aje achukue mtamba. Alikuja, akakataa hata kukaa.

“Mimi nilisemaga mtoto atashindwa,” alimwambia baba. “Sikusema wewe ndiyo utashindwa. Huyu bado anasoma. Kama unataka kuvunja, twende mkutanoni, katibu asome muhtasari, watu wote wasikie.”

Baba aliiweza njaa, aibu hakuiweza. Wageni walikula ugali wakaaga. Wiki iliyofuata jirani akaleta ng'ombe wake wa maziwa akae kwetu, tumkamue mpaka mambo yatengemae. Wala hakuacha kuniuliza kama nimeolewa.

Mwaka wa kumi haujaisha, nikarudi na barua ya kupangiwa kufundisha shule ya msingi huko Butiama. Jirani alifika asubuhi akimvuta mtamba mwekundu, mnene, aliyemchagua mwenyewe. Baba akanyoosha mkono kupokea kamba.

Jirani akampita. Kwetu mwanamke hakuwa na ng'ombe. Hata wale wa mahari yake walikuwa wa baba na kaka zake. Mzee yule akaiweka kamba mkononi mwangu, kaka zangu wote wakitazama.

“Aliyesoma ni huyu,” alisema.

Nililia, sikuona haya. Baba alibaki na mkono wake hewani, kisha akautumia kunifungulia zizi.