Kawempe, kwa Shemeji Anayepika Dawa ya Mbu

Mama ndiye aliyenituma. Mdogo wangu Njeri, aliyeolewa Kampala, alikuwa amepiga simu kusema kwamba mimba yake imefika miezi sita, kwamba anaendelea vizuri, na kwamba mumewe Abdalla ameligeuza jiko kuwa kiwanda cha dawa ya mbu. Mama aliyasikia yote matatu akashika la mwisho. Mwaka uliotangulia Njeri aliugua malaria akiwa na mimba ya kwanza, ikaharibika. Tangu hapo neno mbu halichekeshi mtu nyumbani kwetu Molo, hata likisemwa na mkwe mchekeshaji. "Nenda ukaone mtoto wangu analala wapi," mama aliniambia. "Habari za majani usiniletee."

Mimi sina ugomvi na majani. Nimelelewa katika shamba la pareto, yale maua meupe yanayoua wadudu, na utoto wangu wote niliyachuma mpaka vidole vikawasha. Mtu akiniambia mmea unaweza kumshinda mbu, namwambia karibu kiti. Wasiwasi wangu ulikuwa Abdalla mwenyewe. Ni mtu mwenye moyo mkubwa, lakini akishika jambo hakuna mwingine anayepata pa kupita. Siku ya harusi yake alikataa wapishi, akasema pilau atapika yeye. Chakula cha mchana tulikila jua likizama, na kilikuwa kitamu sana, nakubali, ila wazee wawili walikuwa wameshakwenda zao.

Busia nilivuka asubuhi, nikiwa na gunia dogo la viazi ambalo mama alisema bila hilo nisitoke. Afisa wa upande wa Uganda aliligusa kwa kiatu, akaniita nyabo, yaani bibi kwa heshima ya kwao. "Nyabo, unapereka biazi Uganda? Sisi iko na matoke." Nikamwambia viazi hivi ni vya mama mjamzito. Akacheka, akanipisha, akaniombea safari njema. Baada ya hapo ilikuwa miwa, kisha daraja la Jinja, kisha mashamba ya chai na miti mirefu, na mwisho ule msongamano wa kuingia Kampala unaomfanya mtu azoeane na abiria mwenzake kuliko anavyotaka.

Kawempe nilifika jioni, na nyumba niliinusa kabla sijaiona. Iko bondeni, nyuma yake pana mtaro wa maji yasiyo na haraka, na mlangoni alikuwa amesimama shemeji yangu na mwiko mkononi. Hakunisalimu kwanza. Alinishika mkono, akanipaka mafuta mpaka kwenye kiwiko.

"Saa hizi ndiyo wanatoka, shemeji," akasema. "Salamu baadaye. Mchaichai, mwarobaini na mujaaja. Hakuna mbu atakayekugusa."

Mujaaja ni jina la Kiganda la ule mrihani wa mwituni, kivumbasi. Nilinukia birika zima la chai, nikawa nangoja tu mtu alete mandazi. Mama yake Abdalla, Bi Zuhura, alinipokea ndani. Watu wake walikuja kutoka pwani na biashara ya vitambaa enzi za mababu, na mpaka leo Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. "Karibu, mwanangu," akasema. "Mwache. Hata paka wangu amepakwa."

Njeri alikuwa amenenepa mashavu, nikafurahi. Kwa kukumbuka agizo la mama, niliomba anionyeshe chumba chake. Kitanda kizuri, mashuka safi, na juu yake kamba nne zinaning'inia kutoka darini bila kitu.

"Chandarua kiko wapi?"

"Muulize shemeji yako," Njeri akasema, akatazama pembeni.

Jikoni Abdalla hakuona haya hata kidogo. Alikuwa ameweka sufuria ya mafuta ya moto, na juu yake amefunga wavu wa buluu, majani yaliyotwangwa yamejaa ndani. Kilikuwa chandarua cha Njeri, alichopewa kliniki, kimekatwa vipande.

"Kitambaa cha kawaida kinapitisha makapi," alinieleza kwa upole, kama mwalimu. "Hiki kina matundu madogo. Tena chandarua chenyewe kina dawa. Mafuta yakipita hapa yanachukua na dawa ya chandarua. Yanakuwa na nguvu mara mbili."

"Shemeji, umekata chandarua cha mke wako ili utengeneze dawa ya kumkinga na mbu?"

"Ukiisema hivyo inasikika vibaya," akasema.

Bi Zuhura alikohoa kutoka kwenye mkeka wake. "Bibi yangu alifukiza kivumbasi kila magharibi. Lakini chandarua chake hakikuguswa. Kilikuwa na heshima kuliko godoro. Mimi nilisema, nikaambiwa mambo ya zamani."

Asubuhi iliyofuata nilimtazama Njeri mikono tulipokuwa tunamenya viazi. Alikuwa na alama nyekundu kutoka kifundoni mpaka begani. Abdalla akasema ni kujikuna usingizini. Hapo utani ukaniisha. Nilimwambia nimekuja kumwona dada yangu, na kama analala bila chandarua nitaondoka naye leo, gunia la viazi nitamwachia yeye. Aliumia, nilimwona. Akaweka mwiko chini. "Basi twende Wandegeya," akasema. "Kuna mtu anayefuga mbu. Yeye hatanipendelea wala hatakupendelea."

Wandegeya ni mahali ambapo kila mlango wa pili wanachapisha kazi za wanafunzi na kila mlango wa tatu wanaviringisha mayai ndani ya chapati. Tulipenya tukaingia chuoni, kwa rafiki yake Abdalla wa tangu shule, jina lake Ssali, anayetunza mbu wa utafiti. Chumba kilikuwa na joto na unyevu kama bafu lililotoka kutumika. Mezani kulikuwa na vizimba vya waya, na kila kizimba kimefunikwa wavu safi, mzima. Mbu wa chuo wanalala ndani ya chandarua, nikafikiri, na dada yangu hana.

"Usiogope, nyabo," Ssali akaniambia. "Hawa mbu yangu hapana malaria. Wamezaliwa hapa hapa, inje hawajui."

Abdalla alipaka mafuta yake, akaingiza mkono kizimbani mpaka kiwiko. Ilikuwa kweli. Mbu waliukaribia, wakageuka, wakaenda kukaa ukutani wamenuna. Nilishangaa, na sikuweza kuficha. Shemeji yangu alinitazama kwa furaha ya mtu aliyengojea siku hiyo kwa muda mrefu.

"Ssebo Ssali," nikasema, "kuna chai hapa?"

"Iko."

"Basi tunywe chai. Shemeji, wewe usitoe mkono."

Ssali alielewa mara moja, akaanza kucheka kabla hata ya kuwasha birika. Tulitoka naye nje ya mlango, tukanywa taratibu, tukazungumza habari za mvua na bei ya matoke. Abdalla alikuwa akituona kupitia dirishani, amesimama wima kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Kikombe cha kwanza kilipita salama. Cha pili kilipofika katikati, nikamwona ametikisa bega. Tulipoingia, mbu mmoja alikuwa ametua karibu na saa yake. Akaja wa pili. Baada ya hapo waliitana.

"Ni jasho," Abdalla akasema. "Chumba kina joto."

"Na kwako Kawempe usiku ni baridi?" nikamuuliza.

Ssali alimsaidia kutoa mkono, akamfuta kwa upole. "Dawa yako iko nzuli, rafiki yangu. Kweri. Lakini harufu inatoroka. Unapaka, inakaa kidogo, inakwenda. Usiku ni mrefu." Kisha akamwambia asitupe kazi yake yote: yale maji anayolowekea mwarobaini ayamwage kwenye maji yaliyosimama. "Watoto ya mbu banakufa huko huko kwa maji. Na ile neti, dawa yake watu waliiga kwa maua ya pareto. Ya shambani inakufa na jua. Hii waliifanya inakaa."

Hapo nilishindwa kujizuia. Nikamwambia Abdalla kwamba chandarua alichokata ni mtoto wa Molo, na kwa mila za kwetu atatoa mbuzi. Hakucheka. Alikuwa anautazama mkono wake uliovimba.

"Ukikikata na kukichemsha kwenye mafuta," akauliza, "kinaweza kurudi?"

"Hapana," Ssali akasema. "Hicho kimekwisha. Na dawa yake si ya kupaka kwa mwili ya mama."

Njia nzima ya kurudi shemeji yangu alihesabu alama za mkononi, na mimi, niliyesafiri kutoka Molo nikitamani sana anyamaze, nilitamani aongee.

Kesho yake ilikuwa siku ya kliniki, na Abdalla alisema atakwenda mwenyewe. Tulikwenda watatu. Akina mama wa Kawempe walikuwa wamejaa kwenye mabenchi na matumbo yao, mwanamume akiwa yeye peke yake, na wengi walimjua kwa sababu aliwahi kuwapaka. "Daktari wa mbu amekuja," mmoja akasema, wengine wakaitikia kwa kicheko. Muuguzi alimuuliza Njeri ana shida gani. Abdalla akasimama.

"Mimi ndiye mwenye shida. Naomba chandarua kingine."

"Cha kwanza kiko wapi?"

Angeweza kusema kimeibwa. Angeweza kusema panya. "Nilikikata," akasema, "nikachujia dawa ya mbu."

Kicheko kilichofuata nadhani kilisikika mpaka barabarani. Muuguzi alifunika uso kwa mikono, mabega yakimtikisika, na alipopata pumzi akauliza, "Na hiki nikikupa, utachujia nini?"

"Kanzu yangu, nyabo."

Akapewa. Jioni hiyo alikifunga juu ya kitanda kwa zile kamba nne, akazunguka kila upande akiingiza pindo chini ya godoro, akarudia, mpaka Bi Zuhura akamwambia mkewe si mkate. Kanzu ya zamani ilikwenda jikoni. Kesho yake tulimsaidia kubeba ndoo za maji ya mwarobaini mpaka mtaroni, na majirani wakaja kuuliza kama yamebaki. Bi Zuhura aliniangalia akasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Nilijisikia mkubwa kidogo, nakiri.

Siku ya kuondoka Njeri alinisindikiza kwenye basi. Nilikuwa nimelibeba swali moja tangu siku ya kwanza, nikamuuliza. Aliwezaje kukaa kimya akitazama chandarua chake kinakatwa?

"Mimba ile ilipotoka, Abdalla aliacha kulala," akasema. "Alikuwa anakaa kitandani akinipungia mbu kwa kanga mpaka adhana ya alfajiri. Kila siku. Alipoanza kutwanga majani, akaanza kulala. Siku aliyokata neti nilisimama mlangoni nikamwona. Alikuwa anapiga mluzi, dada. Sikuwa nimesikia mluzi wake tangu tuzike."

"Lakini ungeweza kumpoteza na huyu wa tumboni."

"Najua. Vidonge vya kliniki nilimeza vyote, na bado niliogopa kila usiku. Nilishindwa kumwambia. Ndiyo maana nikampigia mama simu, nikamtajia kiwanda. Nilijua atakutuma."

Nililia kuanzia Kampala mpaka karibu na Mukono, na jirani yangu akanipa karanga.

Molo mama alikuwa mlangoni. Nilimweleza kitanda, chandarua, pindo lililoingizwa chini ya godoro. Nilimweleza na majani pia, ingawa alinikataza, na kwamba yanafaa kwa kadiri yake. Alisikiliza yote, kisha akaniuliza kile alichotaka kuuliza tangu mwanzo.

"Lakini huyo mkwe wangu, ana akili?"

"Anazo, mama," nikamjibu. "Ila mwaka mzima zilikuwa bado matangani."