Kindege wa Usawa wa Goti

Juzi asubuhi nilikuwa uani kwangu Kawajense nachambua mchele, ule mchele wa sokoni Kashaulili unaokupa mawe mengi kuliko punje, nikasikia mwanambuzi analia nyuma ya ua. Sifugi mbuzi, na jirani yangu naye hafugi. Ungo ukaniponyoka, mchele ukamwagika. Sauti ile naijua, rafiki yangu, na miaka yote hii nimekuwa naikwepa.

Miaka ya sabini nilikuwa binti wa darasa la tatu, nalelewa na bibi mzaa baba. Nyumba yetu ilikuwa peke yake karibu na kijito, mbali na barabara, na nyuma yake kulikuwa na kichaka kizito ambacho bibi hakuruhusu mtu akate hata fito. Humo ndimo alimonifundisha vindege. Mimi niliona vyote ni kimoja, vidogo, havitulii, rangi ya majani. "Usianze na rangi," alikuwa akisema huku anatwanga kisamvu. "Rangi inakudanganya. Anza na pale anapokaa."

Yule wa juu kabisa kwenye miti ya miombo, mwenye manjano hafifu kifuani, alikuwa mgeni. Alikuja na mvua, akaondoka zilipokatika. Wale wa katikati walitembea kundi zima, wakinong'onezana kama akina mama wanaotoka kanisani. Na yule wa chini, usawa wa goti, mgongo wa kijivu, mabawa ya kijani na mkia umesimama, alilia kama mwanambuzi aliyepotea. Huyo hakuhama kamwe. Alishona majani mabichi kwa nyuzi za buibui akapata kiota, alikula wadudu wa humo humo, na hakuthubutu kuvuka hata uwanja wetu mdogo. Siku moja nilipoteza asubuhi nzima nikimtafuta mwanambuzi wetu kichakani kwa kufuata kilio, kumbe kindege ananizungusha na mwanambuzi kalala jikoni. Bibi alicheka mpaka akaegemea mchi.

Kisha likaja lori la serikali. Tuliambiwa wote tunahamia kijijini, kando ya barabara, nyumba zimepangwa mistari na viwanja vimefyekwa vyeupe. Sitakudanganya, mimi nilipata shule ya karibu, na maji hayakuwa mbali. Lakini bibi alikaa mlangoni kutwa nzima, mikono mapajani. Alijaribu kuotesha vijiti nyuma ya nyumba, vikaanza kuchipua, na balozi wa nyumba kumi akaja kuving'oa kwa mkono wake. "Nyoka, mama," alisema, naye hakufurahi. Kurudi kwenye mahame, kule tulikohamishwa, ilikuwa marufuku kwa watu wazima. "Hapa pananibana," bibi aliniambia. "Hata nikikohoa, jirani ananipa pole."

Sisi watoto tuliruhusiwa kwenda kuokota kuni huko. Kila Jumamosi nilipotua mzigo, kabla hajaniuliza kama nimechoka, aliuliza habari za kindege wa chini, "Bado yupo?"

"Yupo, bibi. Kalia."

"Basi kwetu bado ni kwetu."

Mwaka ule mvua zilipoanza, bibi akaacha kula. Alimega ugali matonge mawili, akasukuma sahani kwangu. Nilimwogopea sana. Kwa akili yangu ya kitoto nikaona dawa ni moja: kama yeye haruhusiwi kumfuata kindege, kindege atamfuata yeye. Jumamosi nikabeba ulimbo, ule utomvu wa kunasia ndege, nikaupaka kwenye vijiti vya chini kabisa, usawa wa goti, kama nilivyofundishwa. Ng'ambo ya kijito wanaume wa kijiji walikuwa wanafyeka shamba la pamoja, nikasikia mapanga yao. Kabla jua halijapanda sana, kindege alikuwa amenasa. Nikamsafisha miguu kwa mafuta ya karanga na majivu, nikamtia kwenye kapu lenye kifuniko, nikakimbia.

Bibi alifunua kapu. Kindege alikuwa amejibana pembeni, mdomo wazi, hatoi sauti. Bibi akamtazama, halafu akatazama uwanja mweupe uliotuzunguka.

"Na huyu naye kahamishwa?"

Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniumiza. Akafunika kapu taratibu. "Mrudishe, mjukuu wangu. Wa kubanwa hapa natosha mimi."

Nilirudi alasiri ile ile. Wanaume walikuwa wamevuka kijito. Kichaka chetu chote kilikuwa kimelala chini, majani bado mabichi. Nilizunguka na kapu nikilia, mpaka nikapata vichaka vichache vilivyobaki kwenye kona ya kijito. Nikafungua. Kindege akaruka chini chini, akaingia. Nilisubiri sana. Hakulia.

Nyumbani bibi aliuliza kabla sijafika mlangoni. Nikasema, "Yupo. Kaingia kichakani kwetu, kalia mara mbili." Jioni ile bibi alimaliza ugali wake. Unadhani ningefanya nini tena? Kila Jumamosi kwa miaka miwili aliniuliza, nami nilijibu yupo, nikiwa natoka kwenye shamba la mahindi. Kijijini nilikuja kupazoea. Uongo ule sikuuzoea, sikuweza kuuacha wala kuukiri. Bibi akafa nao, akazikwa kando ya barabara.

Siku hizi kule ni mashamba na njia za ng'ombe. Miombo mingi imeishia kuwa mkaa, na simjui mama anayemfundisha mtoto kutofautisha vindege. Ua wangu wa nyuma umeota hovyo. Mwanangu kila akija anataka kuufyeka, ananiambia nyoka, mama, na kila mara namkatalia bila kumweleza sababu.

Juzi, basi, nilipiga magoti kwenye mchele uliomwagika, nikachungulia chini ya majani, usawa ule ule. Mgongo wa kijivu, mkia umesimama. Akalia tena.

"Yupo, bibi," nikasema. Mara hii ilikuwa kweli.