Tone la Damu Chini ya Leza

Mimi ni mtu wa nyumbani. Kutoka Karurumo hadi Embu mjini, kwangu, ni safari ya kuombewa kwanza. Lakini kiu ilikuwa imenizidi, usiku kucha niko njia ya choo, na kaka yangu alikufa kwa ugonjwa wa sukari. Hospitali niliiogopa. Kwa hivyo mpwa wangu anayesomea fizikia chuoni aliposema anatafuta watu wa kutoa tone la damu ajaribie mashine yake ya kupima sukari, nilijidanganya kwamba naenda kumsaidia mtoto.

"Anko, uje bila kula," alinionya.

Maabarani alinitoboa kidole, akadondosha damu juu ya foili, ile ya kufungia nyama. Hakutumia kioo kwa sababu, alisema, hung'aa chenyewe kikimulikwa na kumharibia kazi. Akaielekezea ile damu leza, mwali mwembamba wa mwanga. Kila molekuli huurudisha ule mwanga ukiwa umebadilika kidogo, kwa namna yake, na kompyuta inachora vilima. Niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepita fizikia ya Form Four. Sikupita.

"Hiki kilima ni cha sukari."

Kilisimama kama Mlima Kenya. Akanipima pia kwa mashine ya kawaida ya kliniki, na mashine zote mbili zikakubaliana. Alifurahi sana. Mimi nilikuwa nachagua nyimbo za mazishi.

Akanitazama. "Anko, kweli hukukula?"

"Sijakula. Nimekunywa chai tu."

"Chai ya anti?"

"Sasa ningetoka nyumbani tumbo tupu?"

Kwetu chai haihesabiwi kuwa chakula. Na ya mke wangu ni maziwa matupu, sukari haipimwi, inamwagwa. Mpwa wangu aliinamia meza akicheka. "Kumbe nimepima birika."

Nililala kwa mamake, dada yangu, ambaye alikatazwa kuwasha jiko kabla sijatoka. Asubuhi alinipima tena; kilima kilishuka, ila si vya kutosha. Safari hii hakucheka.

"Mashine yangu bado inajifunza," alisema polepole. "Twende kliniki, Anko. Tutaenda pamoja."

Daktari alisema sukari ipo, ila ndiyo inaanza, na vidonge vitaituliza. Nje, mpwa wangu alikuwa ameinamisha kichwa kana kwamba yeye ndiye aliyeniletea ugonjwa. Akauliza kama nimekasirika.

"Nikasirikie taa iliyonionyesha shimo?" nilimwambia. "Ukihitaji damu tena, niite. Nataka kuona hivyo vidonge vinafanya kazi gani."