Kambi Iliporudi, Tulikaa Matanga

Mwaka ule ugonjwa wa mapafu ulipoingia Guangzhou, jengo letu zima lilinuka siki. Wenyeji waliamini kwamba mvuke wa siki unasafisha hewa, kwa hiyo kila chumba kilichemsha chupa yake kwenye jiko dogo la umeme, na sisi wageni tukachemsha pia, kwa kuwa hatukuwa na dawa nyingine tuliyoijua. Nilikuwa nakaa chumba kimoja na msichana aliyetoka milima ya Rungwe. Mimi ni mtu wa Tanga. Wote wawili tulikuwa tumepelekwa kusoma kwa ufadhili, yeye uhandisi wa majengo, mimi sayansi ya chakula. Aliniita dada kwa sababu nilimtangulia chuoni, nami nikamwita mdogo wangu, na baada ya muda hata Wachina wa mapokezi waliamini tumezaliwa tumbo moja.

Kila kiangazi, likizo ilipoanza, vijana Wakristo wa Afrika Mashariki tuliokuwa pale tulikwenda kambini. Ilikuwa nyumba ya wageni ya kawaida huko Conghua, kaskazini mwa jiji, katikati ya mashamba ya malaichi, yale matunda yanayofanana na shokishoki ila hayana manyoya. Aliyeikodi alikuwa mfanyabiashara wa Nairobi ambaye siku za kazi alikuwa Barabara ya Yide akinunua madaftari, kalamu na vitu vya kuchezea watoto, akivijaza kwenye kontena. Jumapili alitufundisha Biblia sebuleni kwake, ndiyo maana tulimwita Mwalimu. Mke wake tulimwita Mama. Mama alitusongea ugali kwa unga wa mahindi wa Kichina, ukatoka wa njano na mlaini kupita kiasi, tukaula hivyo hivyo na kuomba tena.

Hakuna aliyeipenda kambi kama mdogo wangu. Ndiye aliyekuwa akianzisha pambio asubuhi, na ndiye aliyewapanga watu kwa sauti. Mama yake mzazi alikuwa mwalimu wa kwaya katika usharika wao, kwa hiyo mambo hayo alikuwa ameyanyonya na maziwa.

Kisha chuo kikafunga mageti. Tulipimwa joto asubuhi na jioni, tukavaa barakoa hata ngazini, na ilikatazwa kukusanyika. Mwalimu alipiga simu akasema kambi ya mwaka huo haipo. Wiki hizo hizo, mchana mmoja, mdogo wangu akiwa anafua, aliitwa kupokea simu chini. Alirudi na povu bado mikononi.

"Dada, mama amefariki."

Ilikuwa presha. Alikuwa ameanguka jikoni na hakufika hospitali.

Nilimkalisha kitandani. Hakulia. Alijifuta mikono, akabadili nguo, akaenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni, halafu akaenda kwenye simu. Aliporudi alisema neno moja tu, "Sitakwenda," akageukia ukutani. Nilidhani nimeelewa. Niliwaambia wenzetu kwamba chuo kimemzuia, na wao wakawaambia wengine, na tukakilaumu chuo kwa uchungu mkubwa. Yeye alitusikia tukisema hivyo na hakutusahihisha.

Msiba ule haukukaliwa. Wenzetu walipita koridoni mmoja mmoja, wakasimama mlangoni na barakoa zao, wakasema pole, wakaondoka. Mwalimu na Mama walikuja hadi getini. Tulishuka tukasimama upande wa ndani wa vyuma, wao upande wa nje. Mama alipitisha mkono amshike bega, mlinzi akapaza sauti na kumwonyesha arudi nyuma. Basi Mama alisimama pale pale akilia, na mdogo wangu akawa ndiye anayembembeleza. "Usilie, Mama," alikuwa akisema. "Nipo salama."

Baada ya hapo aliacha kuimba. Masomo aliyaendeleza, chakula alikula, hata kucheka alicheka, lakini pambio zikianza sebuleni kwa Mwalimu alitazama chini.

Mwaka uliofuata kambi ilirudi. Sijui niielezeje furaha ile. Watu ambao tulikuwa hatujaonana tangu kabla ya ugonjwa walikumbatiana kituo cha basi, wakakumbatiana tena ndani ya basi. Mashamba ya Conghua yalikuwa mekundu kwa malaichi. Mzee wa Kichina aliyetunza ile nyumba alitupokea mlangoni akimwita Mwalimu *laoban*, yaani bosi, na kumpiga mgongoni kama ndugu. Mdogo wangu alikuja. Nilikuwa nimeogopa kwamba atakataa. Ila hakukaa na waimbaji. Alikaa jikoni na Mama akichambua mboga, na walipoitwa kwenye nyimbo alisema sufuria haziwezi kuachwa.

Mchana wa shuhuda mvua kubwa ilinyesha, ikabidi tukusanyike kwenye ukumbi wa kulia. Watu walisimama wakasimulia jinsi walivyokingwa. Mmoja alikuwa amelazwa kwa homa iliyogeuka kuwa mafua tu. Mwingine alikuwa ameahirisha safari ya kwenda Huadu kununua mikoba, akasikia baadaye kwamba watu wa mtaa ule waliugua. Mwisho Mwalimu alisimama. Alikuwa mtu wa furaha, na siku hiyo furaha ilimpanda hadi machoni.

"Bwana asifiwe," alisema. "Ugonjwa ulipita katikati yetu na hakuna hata mmoja aliyepotea. Tulivyoondoka ndivyo tulivyorudi. Tumerudi wote."

Watu wakapiga makofi. Mdogo wangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, kitambaa mkononi. Alingoja makofi yaishe.

"Mwalimu, naomba kusema."

"Sema, mwanangu."

"Nyote mnaamini chuo kilinizuia nisimzike mama. Chuo hakikunizuia. Yule mama wa ofisini aliniambia nikiondoka nitasubiri nyumbani mpaka mambo yatulie, lakini akasema nenda, mama ni mmoja. Aliyenizuia ni kaka yangu."

Mimi niliyelala naye chumba kimoja mwaka mzima nilikuwa nalisikia jambo hilo kwa mara ya kwanza.

"Nilimpigia kumwambia naja," aliendelea. "Akasema usije. Akasema watu wamesikia redioni habari za huko uliko, wakijua umefika hakuna atakayekanyaga hapa, na mama atazikwa na sisi wa nyumbani tu. Akaniuliza, unataka mama azikwe hivyo? Nikasema hapana. Angeniuliza mtu yeyote ningesema hapana." Alikunja kile kitambaa, akakikunjua. "Ugonjwa siulaumu, haunijui. Lakini kaka yangu ananijua. Nimembeba mgongoni mtoto wake. Kwa hiyo naomba msiseme tumerudi wote kama tulivyoondoka. Mimi sikurudi hivyo."

Mwalimu alikaa kwenye benchi kama mtu aliyechoka ghafla.

"Nimekosea," alisema. "Nisamehe, mwanangu."

Mama ndiye aliyeinuka. Alitazama ule ukumbi, mabenchi, meza, vijana wote waliokuwa wameinamisha vichwa.

"Huyu mtoto hajakaliwa matanga," alisema. "Toeni haya mabenchi."

Vijana wakayatoa hadi barazani. Tukaenda vyumbani kuchukua mikeka ya mianzi, ile ambayo watu wa kule hutandika kitandani wakati wa joto, tukaitandika sakafuni ukuta hadi ukuta. Mama alijifunga kanga, akakaa chini na kunyoosha miguu, akamvuta mdogo wangu akae ubavuni mwake. Mimi nilikaa upande wa pili. Wavulana walichemsha chai ya rangi kwenye sufuria ile ya ugali. Yule mzee wa Kichina alikuja kuuliza kwa nini tunahamisha vyombo, na Mwalimu, kwa Kichina chake cha sokoni, akamwonyesha yule binti na kumwambia, mama yake, amekufa. Mzee alitikisa kichwa. Alirudi chumbani kwake na tukasikia akizima televisheni, ambayo tangu tufike haikuwahi kuzimwa.

"Sasa tuambie," Mama alimwambia. "Alikuwa mtu wa namna gani?"

Alianza taratibu. Alisema mama yake alikuwa mfupi na mwenye haraka, aliyechuma chai asubuhi na kufundisha kwaya jioni bila kubadili viatu. Alisema alikuwa mkali kwa sauti ya pili kuliko kwa dhambi yoyote, na kwamba nyumbani kwao kulikuwa na siku chakula kilipoa mezani kwa sababu ubeti mmoja haujakaa sawa. Watu walicheka kidogo, kama wanavyocheka msibani. Naye alicheka. Halafu kicheko kikamgeukia, akainama kwenye mapaja ya Mama, akalia, akimwita mama yake kwa Kinyakyusa. Nilikuwa nimekisubiri mwaka mzima kilio hicho, na kilipokuja nilitamani kinyamaze.

Mtu mmoja alianzisha wimbo wa maziko, wengine wakauchukua. Yeye hakuimba. Tulikaa hivyo mpaka mvua ikakatika, na hakuna aliyeuliza ratiba.

Kambi iliendelea kwa miaka michache zaidi. Baadaye viza zikawa ngumu, Mwalimu na Mama wakarudi Nairobi, na waliobaki hatukuwa na nguvu ya kuiendesha. Sijui ile nyumba sasa ni ya nani.

Mdogo wangu alikwenda nyumbani likizo ndefu iliyofuata. Kina mama wa kwaya walimpokea, wakamwambia, "Tungekuja tu, mwanetu, hata ungekuwepo." Hakujua kama walisema kweli, au ni rahisi kusema hivyo hatari ikishapita. Kaka yake alimpeleka kaburini. Alikuwa amelijengea vigae vyeupe, kazi nzuri, mdogo wangu mwenyewe, kama mhandisi, aliona ni nzuri. Akachota maji, akaliosha, akakaa hapo muda mrefu. Kaka yake alisimama mbali, karibu na migomba, mgongo ameugeuza.

"Kaka yako hakusema kitu?" nilimuuliza aliporudi Guangzhou.

"Nilipomaliza aliniuliza kama nina njaa."

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia ndiyo. Tukaenda tukala."

Yule kaka bado yupo hai, na huzungumza na dada yake kwa simu kila Jumapili: mahindi, ada za watoto, mvua. Lile jambo hawajalizungumza.